Kupima Tindikali Inayochemka



Najua mada ya leo inashangaza. Mtu asubuhi amekwenda soko la mifugo kuuza mbuzi, jioni anaambiwa aje hapa Waberi asikilize habari za kupima ukali wa tindikali katika maji moto ya kuchenjulia madini. Garissa haina kiwanda cha namna hiyo. Majirani zetu, hata hivyo, wamewahi kuwa nacho, wengine wanacho leo, wengine wanapanga kukijenga, na vijana wetu wanaosomea kemia wataomba kazi humo. Nami nina jambo moja tu la kusema, ambalo litamfaa hata anayepima maji ya kisima: namba ya ukali wa tindikali isiyoandikiwa joto lake ni nusu ya habari. Mengine yote nitakayoyataja ni ushahidi.

Tuanzie Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kuzalisha mwaka 1956. Mawe yake yalikuwa na shaba, na pia yalikuwa na pairiti, yaani madini ya chuma na salfa, ambayo hapo Kilembe yamebeba kobalti ndani yake. Shaba ilichukuliwa. Pairiti ikarundikwa Kasese mwaka baada ya mwaka hadi uzalishaji ulipokoma 1982, likawa rundo la takriban tani milioni moja. Sasa, pairiti ikiachwa juani na mvuani hailali. Hewa na maji huigeuza, ikatoa tindikali ya salfuriki. Mvua za Kasese ziliiteremsha tindikali hiyo pamoja na metali zake hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George, na ilikopita ikaacha ukanda mtupu usioota majani.

Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulipunguza rundo lile kwa njia iliyoandaliwa na BRGM, taasisi ya jiolojia ya Ufaransa. Njia yenyewe ilikuwa bakteria. Pairiti ilikorogwa na maji ndani ya matangi makubwa, hewa ikapulizwa humo, na bakteria wanaopata nguvu kutokana na chuma na salfa wakaivunja pairiti hadi kobalti ikaingia majini. Kazi ya bakteria hao hutoa joto jingi, kiasi kwamba matangi yalihitaji mabomba ya kupoozea ili yabaki kwenye nyuzi 42 hivi. Joto likipanda zaidi ya hapo, wafanyakazi hao wadogo hudhoofika na kufa. Hutoa tindikali pia, kwa hiyo waliokuwa zamu walitia uji wa mawe ya chokaa ili pH, yaani ile namba ya ukali wa tindikali, isimame karibu na 1.5. Ikishuka mno bakteria huumia. Ikipanda mno chuma huganda na kuwafunika. Mtambo ulisimama kwa muda bei ya kobalti ilipoanguka, ukarudi, na ukamaliza rundo lake mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Sasa jiwekeni mahali pa yule kijana wa zamu, usiku, na kipimo mkononi.

pH aliibuni mkemia wa Denmark, S.P.L. Sørensen, mwaka 1909, akiwa katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Wazee mnisamehe, Carlsberg ni watengeneza bia, lakini elimu haichagui nyumba ya kuzaliwa. Namba ikishuka kwa 1, ukali wa ioni za hidrojeni umepanda mara 10. Ikishuka kwa 0.3 tu, umepanda mara mbili. Kifaa tunachokitumia kina ncha ya kioo chembamba sana ambacho huzaa umeme mdogo kikikutana na ioni hizo. Fritz Haber na Zygmunt Klemensiewicz walikieleza vizuri mwaka huohuo wa 1909. Mashine imara ya kusoma umeme huo ilichelewa hadi miaka ya 1930, Arnold Beckman alipoombwa na rafiki yake aliyekuwa akishughulika na maji ya limau kule California. Maji yale yalitiwa dioksidi ya salfa yasiharibike, na dawa hiyo ilikuwa ikiharibu vipimo vya zamani. Basi chombo kinachoongoza viwanda vya metali leo kilitokana na limau.

Umeme wa kioo kile hutegemea joto. Kwa nyuzi 25, kila hatua moja ya pH ni milivolti 59.16. Kwa nyuzi 42 ni 62.5, kwa nyuzi 90 ni 72. Hii ni sheria ya maumbile, haijali kifaa kimetoka nchi gani. Kijana wa Kasese akiwa na mashine iliyoachwa kwenye nyuzi 25, na tangi lake kwa kweli lina pH 1.5 kwa nyuzi 42, mashine itamwonyesha 1.2. Tofauti ni 0.3, na tumeshasema 0.3 maana yake ni nini: ataamini tindikali ni maradufu ya ilivyo, atamwaga chokaa isiyohitajika, na kesho yake atashangaa kwa nini chuma kimeganda na bakteria wamelegea. Tangi likiwa la nyuzi 90, mashine hiyohiyo itasoma 0.3 mahali pa 1.5.

Msidhani hili ni la Kasese peke yake. Hapa Garissa mwezi wa Machi, chumba kisicho na feni hufika nyuzi 38 bila mtu kuwasha jiko. Maji ya pH 4 kwa joto hilo, yakipimwa kwa mashine iliyosetiwa nyuzi 25, husomeka karibu 3.9. Ni kosa dogo, ndiyo. Lakini ni kosa linaloelekea upande mmoja kila siku, na kosa la aina hiyo haliondoki kwa kurudia kipimo mara 10.

Mashine za sasa zina kipimajoto ndani na hujirekebisha zenyewe. Wauzaji huliita hilo marekebisho ya joto, na wanunuzi wengi wakishalisikia hulala usingizi. Hapa ndipo ninapogombana nao. Mashine hurekebisha umeme wa kioo. Hairekebishi kemia ya maji. Chukueni maji safi, yasiyo na tindikali wala magadi. Kwa nyuzi 25 pH yake ni 7. Kwa nyuzi 60 ni 6.5. Yakichemka ni 6.1 hivi. Hayajawa makali; bado yamesawazika, ila mahali pa usawa pamehama. Mtu aliyekariri shuleni kwamba chini ya 7 ni tindikali atayahukumu maji yasiyo na kosa.

Kwenye tindikali ya salfuriki mambo ni mazito zaidi, na nawaomba mnivumilie kidogo kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Molekuli moja ya tindikali hiyo ina hidrojeni mbili. Ya kwanza huachiwa mara moja ikiingia majini. Ya pili hubaki imeshikwa na salfeti, na nguvu ya kushikwa huko huongezeka maji yanavyopata joto. Wakemia huieleza kwa namba: kwa nyuzi 25 ni karibu 2, kwa nyuzi 100 ni karibu 3, kwa nyuzi 250 inapita 4. Kila hatua moja ni mara 10. Kwa hiyo katika joto kali, salfeti iliyojaa majini humeza hidrojeni na kuificha. Ukiyapoza maji yaleyale, salfeti huachilia. Umechota sampuli, ukaiacha ipoe mezani, ukaipima kwa uangalifu wote, na bado umepima maji ambayo hayakuwahi kuwamo ndani ya tangi.

Wapi watu huchenjua kwa nyuzi 250? Jirani wa karibu ni Madagaska. Kiwanda cha Ambatovy huchimba udongo mwekundu wenye nikeli na kobalti karibu na Moramanga, huusukuma kama uji ndani ya bomba la kilomita 220 hivi hadi Toamasina pwani, na huko huupika na tindikali ya salfuriki ndani ya matangi ya shinikizo. Kilianza kuzalisha mwaka 2012. Njia yenyewe ni ya zamani kidogo; ilianza Moa, nchini Cuba, mwaka 1959. Shinikizo ndani ya tangi hupita mara 40 ya hewa tunayovuta hapa, na matangi ya sasa hupigwa titani kwa ndani kwa sababu chuma cha kawaida hakiwezi kuvumilia. Tani moja ya udongo mkavu yaweza kunywa kilo 200 hadi 500 za tindikali, kutegemea ina magnesi na alumini kiasi gani.

Kinachonifurahisha katika njia hii ni tabia ya chuma. Udongo ule ni chuma kitupu kwa sehemu kubwa, na tungetarajia kimalize tindikali yote. Huyeyuka, kweli, kisha kwa joto lile hushuka tena kama hematiti, yaani kutu ngumu nyekundu, na kinaposhuka kinairudisha tindikali kiliyoikopa. Nikeli na kobalti hubaki majini. Mwishoni kwa kawaida hubakizwa tindikali ya gramu 30 hadi 50 kwa lita, kwa makusudi, ili nikeli isirudi kuganda. Chini ya hapo unapoteza nikeli. Juu ya hapo unapoteza fedha mara mbili: ya tindikali uliyoitia bure, na ya chokaa utakayoinunua kuiua.

Basi namba hiyo ni fedha. Inapatikanaje?

Kioo cha kawaida hakifai. Elektrodi nyingi za kioo huishia nyuzi 80 hadi 100, zile maalumu hufika 130 au zaidi kidogo. Zaidi ya hapo kioo huliwa na maji, na kloridi ya fedha iliyo katika nusu ya pili ya kifaa huyeyuka. Watu wa maabara wakatafuta njia. Mwaka 1980 Leonard Niedrach wa General Electric alieleza kipimo kisicho na kioo, chenye kauri ya zirkonia iliyochanganywa na itria, kwa ajili ya maji ya moto yenye shinikizo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Vladimiros Papangelakis wa Chuo Kikuu cha Toronto na Serguei Lvov wa Pennsylvania walishirikiana na wenzao wakaitumia kauri hiyo ndani ya tindikali ya salfuriki kwa nyuzi 250, joto lilelile la viwanda vya nikeli. Ugumu haukuwa kauri peke yake. Kila kipimo cha pH kina nusu mbili, na ile nusu ya kulinganishia haivumilii joto. Walilazimika kuiweka nje ya tangi, mahali pa baridi, na kuiunganisha kwa mrija wa maji ya chumvi yanayosukumwa polepole. Ni kazi ya kupendeza. Kiwandani, penye mchanga unaosugua na fundi anayekimbizana na zamu, ni kazi dhaifu, na ndiyo maana bado hamtaikuta imetundikwa kila tangi.

Kiwandani hufanywa nini? Huchotwa sampuli. Na sampuli ya moto ina hila yake. Maji ya nyuzi 250 yakifunguliwa ghafla yafike nyuzi 100, karibu theluthi yake huruka kama mvuke. Kilichobaki chupani kimekolea: tindikali ya gramu 50 kwa lita inakuwa kama 70, na hakuna aliyeongeza hata tone. Kwa hiyo sampuli nzuri hupozwa kwanza ndani ya bomba lililofungwa, ikiwa bado chini ya shinikizo, ndipo itolewe. Mpimaji anayeruka hatua hii anaweza kuwa hodari kuliko wote duniani na jibu lake likawa bure.

Baada ya hapo hupimwa kwa kudondosha, ile titresheni ya shuleni. Watu wa maziwa hapa mtaielewa upesi. Maziwa ya ngamia yaliyokamuliwa sasa hivi yana pH ya 6.5 hadi 6.7, na yakichachuka kuwa susac hushuka. Lakini mkaguzi hatosheki na pH. Hudondosha magadi makali hadi rangi ya waridi ionekane, apate kujua ni tindikali kiasi gani imo kwa jumla, ile iliyo huru na ile iliyofungwa katika maziwa yenyewe. pH inasema maziwa yanauma kiasi gani sasa hivi. Kudondosha kunasema akiba ya ukali ni kiasi gani. Kwenye tangi la nikeli tunahitaji vyote viwili, kwa sababu hidrojeni iliyofichwa na salfeti ni akiba.

Tatizo ni kwamba chuma na alumini zilizomo majini hujifanya tindikali. Ukidondosha magadi, chuma huanza kuganda pH ikikaribia 2 au 3, alumini baada yake, na kila kinachoganda hula magadi yako. Fundi asiyejua huhesabu hayo yote kama tindikali huru. Dawa ni kutia oksaleti ya potasiamu kwanza. Huvishika vyuma hivyo kwa mikono miwili, magadi yakabaki na kazi ya tindikali peke yake. Kuna wanaotumia njia ya upitishaji umeme, kwa kuwa ioni ya hidrojeni hukimbia majini kwa kasi mara kadhaa kuliko ioni nyingine nyingi, na vipo vifaa vya kuzungusha umeme bila metali kugusa tindikali. Vinafaa kuonyesha kama hali inapanda au inashuka. Mimi, nikiulizwa nichague kimoja kwa kiwanda kinachoanza, nitachagua sampuli iliyopozwa vizuri, bureti, oksaleti, na mtu makini aliyelipwa mshahara wake kwa wakati.

Sasa habari za nyumbani, nazo ni jasi. Mnaifahamu. El Wak kule Mandera ina jasi tele, na jasi ya nchi kavu zetu ndiyo viwanda vya saruji vya Athi River huisaga pamoja na klinka ili saruji isigande kabla ya fundi kumaliza kupiga plasta. Mkitia mawe ya chokaa ndani ya tindikali ya salfuriki, kinachozaliwa ni jasi hiyohiyo. Kasese ilizaa jasi kila siku ndani ya matangi. Toamasina huizaa. Na jasi ina tabia isiyofanana na chumvi ya jikoni: huyeyuka vizuri zaidi maji yakiwa na joto la nyuzi 40 hivi, kisha kadiri joto linavyozidi uyeyukaji wake hupungua. Kwa hiyo maji yakiwa ya moto jasi hushuka na kujibandika mahali pa karibu, na mojawapo ya mahali hapo ni ile ncha ya kioo ya kipimo. Utando mweupe, mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, unatosha. Kipimo hakizimiki. Kinaendelea kusoma namba tulivu, nzuri, ya jana. Namba isiyotikisika kabisa katika tangi linalotibuka yafaa imtie mpimaji wasiwasi kuliko ile inayorukaruka. Ncha huoshwa kwa tindikali dhaifu ya hidrokloriki, kisha hupimwa upya katika maji ya bafa ambayo pH yake inajulikana, yakiwa kwenye joto linalojulikana.

Kwa nini niwasumbue na haya sasa? Kwa sababu ramani inabadilika. Katanga nchini Kongo, ambako wenyeji wa Likasi na Kolwezi huongea Kiswahili chao, wamechenjua shaba kwa tindikali tangu kiwanda cha Shituru kilipoanza mwaka 1929, na salfa ya kutengenezea tindikali yao hupita bandari ya Dar es Salaam. Tanzania imekuwa ikipanga kusafisha nikeli ya Kabanga pale Kahama, kwenye eneo la mgodi wa Buzwagi uliofungwa, kwa kuchenjua ndani ya maji chini ya shinikizo badala ya kuyeyusha kwenye tanuru. Serikali nyingi za eneo hili zinasema mawe yasisafirishwe mabichi. Ni kauli nzuri. Lakini kuyachenjua nyumbani maana yake ni kubaki na tindikali nyumbani, na Kasese imetuonyesha tindikali isiyoshikwa huelekea wapi.

Sheria tunayo. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaka maji taka yanayomwagwa kwenye mazingira yasiyo ya bahari yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5. Kanuni hizohizo zilikuwa na kikomo cha joto pia. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikimfuata mtu kwa 6.4, kijito ni cha nyuzi 38 na mashine ilisetiwa 25, kesi hiyo ina tundu, hata kama karibu na 7 kosa lenyewe ni dogo sana, na wakili mwerevu atalipitia.

Ombi langu kwa walimu wa sekondari za hapa, kwa chuo, na kwa maabara za maji na maziwa za kaunti ni dogo na halina gharama kubwa. Katika daftari la vipimo, kando ya safu ya pH, pigeni mstari mwingine wa kuandika joto. Nunueni vipimajoto kabla ya kununua mashine mpya. Bafa zenu ziwekeni zikae na sampuli chumba kimoja hadi zilingane joto, ndipo mpime. Na mwanafunzi akileta pH bila nyuzi, mrudishieni karatasi akapime tena.